Vifurushi Viwili na Kochi Moja

Ndugu zangu, neno tulilosoma liwekeni moyoni. Kwanza nataka niwapeleke kwenye nyumba moja, tukae humo kidogo, kisha tutatoka wote.

Kulikuwa na bwana mmoja, mpima ardhi mstaafu, aliyefiwa na mkewe. Alikuwa mtu wa vipimo. Ujana wake wote aliamua ugomvi wa mipaka kwa kamba na darubini ya kupimia, na aliamini kwamba jambo lolote likipimwa vizuri hujijibu lenyewe. Mkewe hakuamini hivyo. Mkewe aliamini kwamba jambo likizungumzwa vya kutosha hujijibu lenyewe. Basi kwa miaka mingi nyumba yao ilikuwa na mtu mmoja anayezungumza na mwingine anayeitikia, "Ehe." Sasa yule mzungumzaji alikuwa amezikwa, na ile "ehe" ikabaki haina cha kuitikia.

Mnajua desturi yetu. Msiba ukiingia nyumbani, vyombo vya sebuleni vinatoka nje. Makochi yanatolewa, meza zinatolewa, mikeka inatandikwa, watu wanakaa chini pamoja na mfiwa. Hakuna anayekaa juu wakati mwenzake yuko chini. Siku ya kuanua tanga, vyombo vinarudi ndani, na kila apitaye njia anajua kwamba nyumba ile imeanza tena kuishi.

Kwa bwana huyu tanga lilianuliwa harakaharaka. Ndugu walikuwa na basi la kuwahi. Vijana wenye nguvu walikuwa wamekwenda kurudisha masufuria na viti vya kukodi. Kina mama wakaingiza stuli, meza na zulia. Likabaki kochi kubwa la watu watatu, la mbao za mninga, ambalo mkewe alilichagua mwenyewe kwa sababu, alisema, kochi jepesi linahamahama kama mpangaji. Shemeji mtu akaligusa kwa ncha ya kiatu.

"Hili vijana watalishughulikia kesho," akasema.

Wakalifunika kwa turubai pale barazani, machoni pa mtaa mzima, wakapanda basi.

Kesho ikafika. Nani alikuja? Hakuja mtu. Na yeye mbona hakuomba msaada? Jamani, mtu ambaye mtaa mzima umemchimbia kaburi, umempikia, umelala kwenye majamvi yake, anaona haya kwenda tena kupiga hodi na kusema, naomba mnishikie kochi. Alijaribu mwenyewe asubuhi moja. Aliliinua upande mmoja, likainuka. Akalizunguka akaliinua upande wa pili, likainuka vilevile. Lakini kochi la watu watatu halipiti mlangoni kwa zamu. Akalirudishia turubai lake, akaingia ndani, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya televisheni.

Na hapo kwenye televisheni ndipo lilipoanza suala ambalo mtu wa nje angeliona dogo.

Televisheni yao ilikuwa ya hizi za kisasa zinazopokea filamu na tamthilia kwa intaneti. Mkewe ndiye aliyeshughulikia mambo hayo, kwa namba yake ya simu. Namba ilipofungwa, huduma nayo ikakatika, na kwenye kioo yakabaki maneno mawili: chagua kifurushi. Huduma zilizojitokeza zilikuwa mbili, zote za bei ya kati, huwezi kusema hii ni ghali na ile ni ya kutupa. Kila moja ilimpa wiki ya kujaribu bila malipo. Naye, mpima ardhi, akaamua kuzipima.

Mtamcheka? Msimcheke. Hakuwa anatafuta filamu. Alikuwa anatafuta sauti ya kukaa nayo kuanzia ile saa ya jioni ambayo watu wanawasha taa, na mtu bila kujua anaanza kusikiliza geti.

Wiki ya kwanza alijaribu huduma ya tamthilia, zile za nchi za mbali zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Sauti zilikuwepo, tena nyingi. Watu walilia, walifumaniana, walirithiana mashamba. Lakini hakuweza kuwafuata. Alikuwa amezoea kuzitazama akiwa na mkalimani pembeni. "Huyu ndiye aliyemwiba mtoto," mkewe angemwambia. "Usimwonee huruma, utajuta." Sasa hakujua amwonee huruma nani. Akawaonea wote.

Wiki ya pili akajaribu ile nyingine, ya michezo na wanyama wa porini. Alifurahia kidogo. Siku moja timu aliyoishabikia toka ujana ilifunga bao dakika za mwisho, akaruka, akageuka upande wa kushoto kusema kitu. Ndugu zangu, kiti cha plastiki hakina upande wa kushoto. Kina mtu mmoja, basi.

Na muda wote huo sauti alikuwa ameipunguza mpaka ikawa kama ya watu wanaosengenya chumba cha pili. Aliogopa majirani wasije wakasema, hee, mwenzetu ameshamaliza kulia, sasa anaangalia mpira.

Majirani wenyewe walimtatiza. Mtaa ule wa milimani, wenye baridi ya kung'ata, zamani ulikuwa mtaa wa kelele. Jirani wa ukuta kwa ukuta, Mama Sekela, alikuwa anapika huku redio yake ikihubiria mtaa mzima. Sasa redio kimya. Watoto waliokuwa wakicheza mpira mbele ya geti lake wakahamia mbali, na wakipita pale walipita taratibu, mikono mifukoni, kama watu waliochelewa ibada. Akikutana na Mama Sekela njiani, mazungumzo yalikuwa haya:

"Pole, Baba Atuganile."

"Nimeshapoa, Mama Sekela."

"Tunakuombea."

Kisha mama huyo anaondoka. Mama ambaye zamani, akisimama getini na marehemu, mboga ziliungulia jikoni pande zote mbili! Yule bwana akatazama mgongo wake ukienda, akapima, akapata jibu. Watu hawa walikuwa wa mke wangu, akajisemea. Urafiki ulikuwa wake. Mimi nilikuwa nimeegeshwa tu.

Binti yake, yule Atuganile, alipiga simu Jumamosi mchana kutoka mji wa mbali anakofanya kazi.

"Baba, bado unahangaika na vifurushi? Chukua chochote, mimi nitakulipia."

"Si suala la kulipa."

"Sasa suala ni nini?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kujibu kwa usahihi. "Najaribu kujua ni ipi yenye watu."

"Watu wa namna gani, baba?"

"Basi tu. Watu."

Binti akasema atakuja mwezi wa kumi na mbili, Mungu akipenda, na nyuma yake mtu akamwita, akaaga.

Jaribio la pili la bure lilikuwa linakwisha siku hiyohiyo. Yule bwana akatafuta namba ya huduma kwa wateja ya ile kampuni ya tamthilia, akapiga. Akapokea dada mmoja mwenye sauti ya uchangamfu.

"Karibu, unaongea na Witness. Nikusaidie nini?"

"Nataka kujiunga, binti. Lakini kwanza nielewe tofauti."

"Shikamoo, mzee. Tofauti na nini?"

"Marahaba. Na wenzenu."

Dada akacheka. "Wenzetu siwezi kuwasemea, mzee wangu, nitafukuzwa kazi. Sisi tuna kifurushi cha skrini moja na cha skrini mbili. Mko wangapi hapo nyumbani?"

Ndugu zangu, kuna maswali ambayo anayeuliza hajui anauliza nini. Mko wangapi. Swali la karani. Yule bwana, ambaye hajawahi kukosea kipimo hata cha uchochoro wa choo, akatazama sebule, akatazama mlango wa chumbani, akasema:

"Tuko wawili."

"Sawa kabisa. Na mama anapendelea nini?"

"Tamthilia. Anapenda kuniambia mwisho kabla haujafika."

"Haa! Kama mama yangu mzazi! Basi mzee, chukua cha skrini mbili, msije mkagombania rimoti."

"Tunagombana kweli," akasema. Akajikuta anatabasamu.

Akauliza kama mvua ikinyesha picha inakatika. Akauliza kama mtu akisinzia televisheni inajizima au inaendelea peke yake. Akauliza kama zile sauti za Kiswahili wanaziingiza Watanzania au Wakenya, na dada akamweleza kwa subira kwamba ni mchanganyiko, naye akasema alihisi hivyo.

"Kuna lingine, mzee?"

Akatafuta lingine. Alitafuta kama mtu anayepapasa mfuko aliokwisha kuujua ni mtupu.

"Hapana, binti. Asante kwa mazungumzo."

Simu ikakatika. Ikaja meseji ikimwomba atathmini huduma aliyopewa. Akampa alama za juu kabisa, kwa sababu alistahili. Yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote aliyoyapata tangu tanga, na mwenzake alikuwa kazini.

Kisha akaona aibu. Hakuionea aibu sana ile "wawili" yenyewe. Aliona aibu kwa jinsi ilivyomstarehesha. Nikiendelea hivi, akawaza, nitakuwa nazungumza na watu wa kulipwa peke yao. Na hapo, badala ya huzuni, ikaja hasira. Akailipia ile huduma ya tamthilia papo hapo. Akashika rimoti, akapandisha sauti. Akaipandisha tena. Muziki wa tamthilia ukatoka madirishani, ukapita baraza, ukapita geti, mchana kweupe. Waseme watakavyo! Kama mtaa umenisahau, nao mtaa usinichagulie sauti.

Muziki haukuwa umekwisha aliposikia, "Hodi! Hodi humu!"

Akaenda mlangoni na uso umekaza. Alikuwa Mama Sekela, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko, na nyuma yake mumewe amevaa makoti mawili kwa ajili ya baridi. Wamekuja kunisuta, akawaza. Wacha wanisute. Angalau watakaa.

"Baba Atuganile," mama akasema, "tanga umeanua?"

"Tanga si lilianuliwa zamani? Mlikuwepo."

"Tulikuwepo, lakini kochi mbona liko nje?" Akalinyooshea kidole chenye unga. "Tukasema, mwenzetu bado yuko chini. Kila mtu na msiba wake, wa kumharakisha ni nani? Mimi redio sijaigusa. Watoto nimewatandika kwa ajili ya ule mpira wao, Mungu anisamehe. Pale kwa mjumbe binti anayeolewa ameagwa bila hata ngoma, watu wamekula wali kama wako hospitali! Yote kwa sababu ya kochi lako. Leo nasikia tamthilia, nikamwambia huyu, acha chai, twende, amekaa juu."

Yule bwana akamtazama. Akamtazama mumewe. Aliposema, alisema polepole, kama anayesoma kipimo mara ya pili kwa kutokuamini cha kwanza.

"Kochi liko nje kwa sababu sina wa kunishikia upande wa pili."

Ndani, kwenye televisheni, mtu alikuwa analia kwa Kiswahili fasaha. Baba Sekela akavua koti la juu, akalitundika kwenye nguzo ya baraza.

"Shika huko," akasema.

"Mficha uchi hazai, Baba Atuganile!" Mama Sekela akapaza sauti, na sauti yenyewe ilikuwa imepasuka katikati. "Ungesema! Mwanamume mzima! Neno moja tu, ungesema!"

"Na nyinyi," bwana akamjibu, upande wake wa kochi ukiwa umeshainuka, "mngeuliza."

Sasa, ndugu zangu, tutoke kwenye nyumba hiyo, tuwaache na kochi lao mlangoni. Hapa naomba mnitazame.

Niambieni, katika mtaa ule, nani alikuwa mbaya? Mtafuteni. Mama aliyezima redio yake? Watoto waliopita kwa adabu? Familia iliyomuaga binti yao bila ngoma? Ule ukimya uliokuwa ukimla yule bwana jioni baada ya jioni ulikuwa zawadi. Mtaa mzima ulikuwa unamchangia. Waliutoa kwa upendo, akaupokea kama kisogo. Alikwenda kununua sauti kwa watu wa mbali, wakati walio ukuta kwa ukuta walikuwa wamezibana zao kifuani kwa ajili yake.

Sisi tunajua sana kuzika. Hilo nalisema bila kejeli. Siku ya msiba hakuna anayetushinda. Tunakuja na kuni, tunakuja na ndoo, tunakuja na nyimbo, tunalala chini na mfiwa. Kisha tunaanua tanga, na kuanzia hapo tunamheshimu. Tunasema, tumpe nafasi. Tunasema, tusimsumbue. Tukikutana naye sokoni tunashusha sauti, tunasema pole, tunapita. Tunakwenda nyumbani mioyo imetulia kwamba tumefanya vyema. Lakini nawaambieni kwa upande wa aliyeko ndani, akisikiliza geti: heshima isiyopiga hodi na kusahauliwa vina sauti moja. Hawezi kuvitofautisha. Hata awe mpima mipaka.

Na sisi tuliofiwa tusijifiche nyuma ya maneno hayo, tukasema mhubiri ametupigania. Tuna sehemu yetu. Tunaliacha kochi letu barazani, halafu tunauhukumu mtaa kwa kutolibeba. Tunaona ni rahisi kumwambia mgeni wa kwenye simu kwamba tuko wawili, kuliko kumwambia jirani kwamba tumebaki mmoja. Tunafikiri haja yetu inaonekana kwa kuwa sisi tunaiona tangu asubuhi hadi jioni. Haionekani. Mwenzako haoni haja. Anaona turubai, na turubai kila mtu hulisoma kwa namna yake. Liseme jambo lako. Ni aibu, najua. Ni aibu ya hatua chache, mpaka geti la pili.

Sitawaambia msinunue vifurushi. Nunueni. Jioni za mtaa wetu ni ndefu, na sauti ya mtu, hata ya kuingizwa, si kitu cha kudharau. Lakini mtu akijikuta anazipima huduma mbili kwa wiki mbili na zote zinapungukiwa, ajiulize kama kinachopungua kinauzwa.

Hapa kati yetu kuna nyumba ambayo tangu tanga lake lianuliwe hatujaingia. Kila mmoja wetu ameshaikumbuka moja, naziona nyuso. Ukitoka hapa, usipitie kwako kwanza. Usitafute maneno ya kusema, hayapo. Usingoje kuona dalili kwamba yuko tayari. Nenda, simama mlangoni, piga hodi. Akikukaribisha, kaa. Akikwambia leo siwezi, ondoka, ondoka bila kununa, urudi kesho. Lakini leo apate mtu wa kumwambia ondoka.